Daftari la Sikukuu Halikuliwa na Mchwa

Kalemie, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Feza,

Salamu nitaziruka, maana tunalala nyumba moja na asubuhi hii tumekula muhogo kwenye sahani moja. Naanza na uongo wangu. Daftari la sikukuu halikuliwa na mchwa. Uliponiomba wiki iliyopita nilikujibu kwamba mchwa walilimaliza, ukaniangalia kidogo, ukasema, "Pole, Mama," ukaenda kuanua nguo. Mchwa wa nyumba hii hawana kosa. Daftari lilikuwa ndani ya sanduku la baba yako, chini ya mashati, na leo nimelitoa.

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako ng'ambo ya mto Lukuga, nami namjua, hatakuachia kabla hujala kwake. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, na tangu Jumatatu nimejaribu, lakini kila nikifungua kinywa najikuta nazungumzia chandarua. Basi ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya wanaume wa Manono nayaacha. Unakwenda huko kuwa mwalimu wa Kiingereza, si mtoto wa kuvushwa barabara.

Kuna ujumbe wako ambao nimeukalia miaka tisa. Utaukuta humu. Nikiutaja sasa hivi hutaelewa kwa nini niliukalia, na sina hakika kama mimi mwenyewe naelewa, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Nilipoanza kufundisha tulikuwa na kitabu kimoja kwa darasa zima. Sura yake ya sikukuu ilikuwa na Noeli ya theluji, soksi zilizotundikwa ukutani na ndege mkubwa wa kuokwa. Nilifundisha hivyo hivyo. Nilinunua pamba kwenye duka la dawa, nikaichambua juu ya meza, nikawaambia hii ndiyo theluji. Walikariri. Siku ya mtihani wote waliandika kwamba usiku wa Noeli theluji inaanguka Kalemie, nami nikawapa alama, kwa sababu sentensi zilikuwa safi. Mwaka mmoja mwanafunzi aliniuliza kama theluji ina harufu. Sikujua, nikamwambia akae.

Swali lile lilinisumbua kuliko alivyodhani. Nilikuwa nauza kitu ambacho sijawahi kukigusa. Nikanunua daftari hili la jalada la kijani, nikaandika juu yake "Mwacha mila ni mtumwa", nikaamua kwamba wanafunzi wangu watasema Kiingereza juu ya sikukuu zao wenyewe. Nilijiona mwerevu sana, nakwambia ukweli.

Na mwanzoni ilikwenda vizuri. Nilianza na Bonane, siku ile ya mwaka mpya watoto wanapovaa nguo mpya na kupita nyumba kwa nyumba wakisalimia ili wapewe biskuti. Niliwaambia kila mmoja aeleze kuku wa mwaka mpya anagawanywaje kwao. Kijana mmoja akasema kwao firigisi anakula bibi. Darasa likasimama, maana kila mtu anajua firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Waligombana kwa Kiingereza, Feza. Kibovu, cha kuokoteza, lakini waligombana bila mimi kuwasukuma, na hakuna aliyekuwa akikariri. Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba njiani.

Wewe ulikuwa darasani. Kwenye orodha yangu ulikuwa namba tisa, na ukiniita uliniita Madamu kama wenzako, kwa sababu nilikuwa nimekuagiza hivyo ili wasiseme nakupendelea. Namba tisa aliandika sentensi moja tu: kwetu firigisi inabaki kwenye sufuria. Niliweka alama ya sawa, nikageuza ukurasa. Na kweli ilikuwa inabaki. Kila mwaka mpya niliiacha mle mpaka inakauka, halafu nampa paka. Kwa hiyo ulikuwa umeniandikia, nami nikasahihisha.

Sasa niseme ya baba yako. Unayajua, lakini hukuyasikia kwangu, uliyaokota kwa shangazi na kwa majirani, na hilo ni kosa langu la kwanza. Baba yako alikuwa fundi wa mashine za boti. Aliondoka Jumatano na boti iliyopakia unga na magodoro kwenda Moba, kwa sababu mashine ilikuwa ikikohoa na mwenye boti hakutaka kusafiri bila fundi. Upepo ukaja. Kilichopatikana ni madumu na benchi moja. Ulikuwa na miaka minane. Baada ya majuma kadhaa wazee wa upande wake walikuja wakakaa hapa uani, wakaniambia kwamba mtu hawezi kubaki hivyo hivyo majini, tuzike nguo zake ili awe na mahali. Nilikataa. Niliwaambia, "Siziki shati. Shati halikufa." Waliondoka wamenuna, na mimi nikafunga sanduku. Nilifikiri nalinda nafasi yake ya kurudi. Leo sijui nilikuwa nalinda nini.

Ndiyo maana sisi hatukuwa na tarehe mosi Agosti, siku ya wazazi. Asubuhi hiyo nchi nzima inakwenda makaburini na majembe, watu wanafyeka na kufagia kwa wazazi wao waliolala, kisha mchana wanarudi kula na kunywa na wazazi waliobaki. Mimi siku hiyo nilikuwa na kazi kila mwaka. Nilifua mapazia. Ulikuwa unakaa mlangoni ukitazama watoto wa jirani wakipita na mapanga na maua, nami nakuita uje unishikie ncha ya pazia tukamue.

Hapa ndipo sijielewi. Mtu anayeikimbia siku hiyo hivyo, aliwezaje kuifanya somo? Ulikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa na wanafunzi kumi na watano wa kozi ya likizo pale kwenye baraza letu. Niliwaambia kwamba tarehe mosi, kabla familia hazijafika, tutakutana makaburini, kila mmoja asimame kwenye kaburi la mzee wake na atuambie kwa Kiingereza alikuwa nani na siku hii tunaiadhimisha vipi. Nilipanga hata namna ya kupiga makofi baada ya kila msemaji, ili wapate moyo. Katika kupanga kote huko sikukumbuka hata mara moja kwamba namba tisa hana kaburi. Nadhani kwa Kiingereza siku ile haikuniuma. Ilikuwa msamiati na wakati uliopita, na mimi nilikuwa Madamu, si mjane.

Tulifika na umande. Walisema vizuri, kila mtu na babu yake. Zamu yako ilipofika ulitembea mpaka kwenye kaburi lenye msalaba wa chuma na maua ya plastiki, ambalo hatukuwa tunalijua, ukang'oa majani mawili matatu kwa mkono, ukasimama. Nilikuwa nashika kalamu. Ulisema kwa Kiingereza: "Baba yangu alikuwa fundi. Kila jioni alininusisha mikono yake nitaje mashine aliyotengeneza. Sijui amelala wapi. Namwomba huyu mzee aniazime mahali pake kwa asubuhi moja."

Kumi na wanne wale hawakuelewa hata nusu. Walipiga makofi kama nilivyowafundisha. Mimi nilielewa yote, peke yangu katika makaburi yale yote, na mimi pia nilipiga makofi.

Hapo ndipo familia yenye kaburi ilipofika, Mama Kisimba na wanawe wawili wakubwa, na majembe begani. Fikiria walichokiona. Kwetu mtu hafyeki kaburi la asiye wake, na tarehe mosi asubuhi anayesimama pale akalia ni mtoto wa marehemu, hakuna maelezo mengine. Walimkuta binti mgeni ameng'oa majani kwa baba yao, analia, na watu wanampigia makofi. Mtoto wa kwanza aliweka jembe chini, akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba kumbe mzee aliacha mtoto nje. Mama Kisimba alimpita. Alikuja mpaka kwangu, akaniuliza polepole, "Madamu, huyu mutoto njo wa nani?"

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lake ni maneno mawili, "ni wangu." Mimi niliona wanafunzi wananitazama, niliona aibu ya kupeleka watoto kwenye kaburi la watu, nikasema, "Samahani, Mama. Ni mazoezi ya Kiingereza tu."

Akakugeukia. "Ni kweli, mama? Ni mazoezi?"

Ulijifuta uso kwa mkono. "Ndiyo," ulimjibu. "Madamu amesema kweli. Ni mazoezi."

Tulirudi nyumbani tukiwa tumeachana hatua kumi. Ulipika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ukaweka mezani, ukaniita, "Madamu, chakula." Kesho yake ukarudi kuniita Mama, na tangu siku ile hukutaja tena baba yako mbele yangu, kwa lugha yoyote. Nami nilishukuru. Nilidhani umesahau, au nilijilazimisha kudhani. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimeficha hata kilio.

Ukifungua daftari ukurasa wa tarehe mosi Agosti utaona alama. Namba tisa, kumi na nane juu ya ishirini. Alama mbili nilikukata kwa sababu ulitazama chini wakati wa kusema. Nilitaka kuuchana ukurasa huo kabla ya kukupa daftari. Nimeuacha, uone mama yako alivyoweza kuwa.

Sasa ujumbe. Siku ya nne nilikwenda kwa Mama Kisimba na sabuni mbili na sukari kuomba radhi. Nilimkuta amechoka. Kumbe siku zote zile alikuwa akijaribu kukumbuka uso wako, akihesabu miaka, akitafuta mume wake alikuwa wapi wakati ule. Neno langu la mazoezi halikumtosha, maana aliyaona machozi, na yeye si mjinga. Nilimweleza yote, hata ya boti. Akaniuliza ulisema nini pale. Nilikuwa nimefundisha Kiingereza miaka mingi, nimetafsiri barua za watu, lakini maneno yako yale, sentensi nne tu, yalinishinda. Nilifika kwenye mikono ya baba yako nikarudi mwanzo. Nilikuwa sijayasikia kwa Kiswahili mpaka dakika ile, na kwa Kiswahili yalikuwa ya mume wangu.

Alinisubiri nikamaliza. Halafu akasema, na hili ni lako, nakupa kama lilivyotoka kinywani mwake: "Muzee wangu alipenda wageni. Mwambie mutoto mwaka kesho akuje, tulime naye. Mutu hakatazwe kulia."

Sikukuambia. Mwaka uliofuata tarehe mosi ilifika, nikafua mapazia. Na uliofuata. Nimejiuliza leo mchana kutwa kwa nini, na nina majibu matatu ambayo hayapatani. La kwanza, nilikuwa na wivu, mtoto wangu asije akapata baba kwa mama mwingine wakati wa kwangu yuko sandukuni. La pili, ukianza kufyeka kaburi, hata la kuazima, basi amekufa. La tatu ni aibu tu ya kawaida, na kila siku iliyopita iliiongeza. Chagua mwenyewe. Mimi kila nikichagua moja, lingine linanicheka.

Na sasa wewe unaniuliza, Mama, niwapelekee watoto wa Manono sikukuu zipi, zetu au za kitabu? Unanisubiri nikujibu kama mzoefu. Nimeandika jibu mara mbili hapo chini nikalifuta. Kwanza niliandika: bakia na theluji, Feza, theluji haina marehemu wa mtu yeyote. Watoto wa machimbo ya Manono wana mambo yao, kuna ambao baba yao alifukiwa shimoni na hakutolewa, na wewe utaingia na chaki uwaambie waeleze tarehe mosi Agosti. Sikukuu ya mtu si picha ya ukutani. Ukiivuta inakuja na nyumba nzima.

Nikalifuta, nikaandika uwapelekee zetu, kwa sababu nilikumbuka firigisi na ule ugomvi, jinsi walivyokuwa hai. Tena nilikumbuka jambo lingine linalonichanganya zaidi. Kwa Kiswahili nilikuwa nimekufungia mlango miaka sita. Neno "baba" lilikuwa halitamkwi humu ndani. Ukaja ukapewa lugha ya watu wa mbali, na mwalimu mpumbavu akakuamuru useme juu ya wazazi, ukapata pa kupitia. Kama nisingefanya kosa lile, ungesema lini? Basi lilikuwa kosa au halikuwa? Nikisema halikuwa kosa najisamehe upesi mno. Nikisema lilikuwa, nakunyang'anya asubuhi ile, nayo ni yako.

Sijui, mwanangu. Ninachokijua ni kidogo kuliko unavyodhani. Somo la Bonane linafaa, litumie. Ukiwaomba watoto walete ya kwao, kuna siku atakuja mmoja na kitu kizito kuliko ulichoomba, na atakiweka mezani mbele ya wote kwa sentensi fupi. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi siku hiyo. Wewe sijui utakuwa na nini.

Limebaki moja. Agosti hii, uliporudi kutoka biro, kule ofisini, kufuata karatasi zako za kazi, hukunikuta nyumbani mchana, ukaniuliza baadaye nilikuwa wapi, nikasema sokoni. Uongo mwingine, ongeza kwenye ule wa mchwa. Nilikuwa makaburini. Mama Kisimba amezeeka, mgongo umeinama, lakini alinitambua kabla sijajitambulisha. Aliangalia nyuma yangu, akaniuliza uko wapi. Nilimwambia kwamba sikukufikishia neno lake. Nilifikiri atanifukuza, na ningekwenda. Akanipa jembe. Tulilima pamoja, na tulipomaliza nilisema maneno yako yale kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa jina la baba yako. Sijalia vile tangu Jumatano ile. Wakati wa kuondoka alinionyesha kwa mguu sehemu iliyo pembeni ya kaburi la mumewe. Alisema pale hakuna mtu, na wanawe wamekubali.

Kwa hiyo juu ya daftari utakuta shati lake la kijani, lile lenye doa la mafuta mfukoni ambalo sikuwahi kulitoa. Nimelikunja mara tatu leo, na mara tatu nimelirudisha sandukuni. Upande mmoja wa moyo unataka ulibebe Manono, uwe nalo. Upande mwingine unataka tulipeleke, sote wawili, tukalizike pale, tuwape wazee wa baba yako jibu walilolitaka miaka yote hii. Nilikataa peke yangu, bila kukuuliza, nawe ulikuwa na haki juu yake sawa na mimi. Safari hii sikatai wala sikubali. Gari la Manono linaondoka saa nne, makaburini ni mwendo wa nusu saa, na Mama Kisimba nimemwambia kwamba labda tutakuja.

Jembe nimeliegemeza mlangoni, upande wa kulia. Ukitoka asubuhi ukalishika, nitakufuata. Ukilipita, nitakubebea begi mpaka kwenye gari na sitakuuliza neno. Lakini tukikuta mtu njiani akaniuliza huyu binti ni wa nani, safari hii jibu ninalo.

Mama yako,
yule uliyekuwa unamwita Madamu